Kabla Hujatia Mguu Chomboni

Alhamisi ya Septemba 20, 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, Ukerewe. Watu wa kisiwa cha Ukara walikuwa wamevuka kwenda kuuza na kununua, na ilipofika mchana kila mmoja alitaka jambo moja tu: kurudi nyumbani na mzigo wake. Kivuko kilikuwa kimoja, MV Nyerere, kilichopewa jina la Mwalimu, mwana wa Butiama. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku hiyo walipanda zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na mifuko ya saruji.

Safari yenyewe ni fupi. Kivuko kilivuka salama karibu njia nzima, kikafika mahali ambapo waliosimama gatini Bwisya waliweza kuwapungia mkono ndugu zao. Hapo, mita chache kabla ya kufunga kamba, abiria wakaanza kusogea upande mmoja, tayari kushuka. Kivuko kikalala, kikapinduka. Waliookolewa walikuwa 41. Waliokufa walizidi 220. Giza lilipoingia uokoaji ulisimama hadi kesho yake, na Jumamosi fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai, baada ya siku mbili ndani ya chumba kilichobakiwa na hewa kidogo.

Kisa hicho hakihitaji dhoruba ili kieleweke. Chombo kilibeba kuliko uwezo wake, kikavumilia kwa sababu uzito ulikuwa umetulia, na uzito ulipohama hakikuwa na cha kujitetea. Kila kilichokipindua kilikuwa kimeshapanda kule Bugolora: wingi wa watu, mizigo, na haraka ya kufika. Ndiyo maana funzo la ajali hii, na la nyingine mbili zitakazofuata, halihusu sana kuogelea. Linahusu ile nusu saa mtu anayokaa nchi kavu akiamua apande au asipande. Hapo ndipo abiria ana nguvu. Akishaketi na kamba ikafunguliwa, nguvu hiyo imekwisha kuhamia kwa nahodha, kwa injini na kwa upepo.

Safari fupi haina mwenyewe

Kwetu mkoani Mara maji hayako mbali na mtu. Yuko anayevuka kutoka Musoma mjini kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Yuko wa Majita anayekwenda kisiwani Rukuba, na wa Bunda anayekwenda Nafuba au anayepitia Kisorya kuelekea Ukerewe. Yuko wa kata ya Buswahili, kule Butiama, anayeishi jirani na mafunjo ya Mto Mara. Wengi wa watu hawa hawavuki kwa chombo chenye king'ora na dirisha la tiketi. Wanavuka kwa mtumbwi wa mbao, pengine ule ule uliorudi na dagaa alfajiri.

Jumapili ya Julai 30, 2023, mitumbwi miwili ilizama Mchigondo, wilayani Bunda. Waliokuwamo walikuwa waumini wakirudi nyumbani kutoka ibadani. Watu 14 walikufa, watoto wakiwamo. Hawakuwa wasafiri wa mbali wala watu wa kutafuta makuu. Walikuwa katika safari ya aina ile ambayo mtu wa kandokando ya ziwa huifanya bila hata kuaga. Safari za namna hiyo hazituogopeshi, na kwa kuwa hazituogopeshi hatuziandalii. Anayekwenda Dar es Salaam hujipanga wiki nzima, akakata tiketi, akafunga na chakula cha njiani. Anayekwenda ng'ambo ya ghuba hutoka na kanga moja begani na nauli mkononi.

Ukubwa wa chombo nao si kinga. MV Bukoba, meli ya mwaka 1979, iliruhusiwa kubeba abiria 430. Usiku wa kuamkia Mei 21, 1996 ilikuwa ikitoka Bukoba, ikapitia Kemondo na kuongeza abiria, ikapinduka asubuhi ikiwa inaikaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa. Wa daraja la tatu, ambako nauli ilikuwa nafuu na watu wamebanana, hawakuwa na orodha. Waokoaji walipotoboa tumbo la meli ili wawafikie waliokuwa wamenasa, hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ikatoka, nayo ikazama. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

Viweke visa vitatu hivi pamoja uone vinavyofanana. Hakuna aliyekuwa akienda kutafuta hatari. Watu walikuwa wakirudi nyumbani au wakikaribia kufika, na hamu ya kufika ni kubwa kuliko zote wakati huo. Mtu mwenye hamu ya kufika hahesabu vichwa.

Fungu la kukawia

Ukimuuliza aliyepanda mtumbwi uliojaa kwa nini alipanda, mara nyingi hatakwambia kwamba hakuona. Aliona. Aliona maji yamekaribia ukingo, aliona mtoto wa mwenzake hana jaketi okozi. Ila mfukoni alikuwa na nauli ya siku ile na si zaidi. Kulala mwaloni kunataka fedha ya chumba, ya chakula na ya vocha ya kupiga simu nyumbani. Asiye nayo hana cha kuchagua, hata kama macho yake yanamwambia asipande.

Kwa hiyo usalama wa majini uanzie kwenye kibubu. Kila safari ya ziwa iwekewe nauli tatu: ya kwenda, ya kurudi na ya kukawia. Hiyo ya tatu itoshe usiku mmoja wa malazi, mlo wa jioni na wa asubuhi, vocha, na tofauti ya nauli ukilazimika kuzunguka kwa barabara. Wa Musoma aliyeshindwa kuvuka kwenda Kinesi anaweza kupitia Makutano na daraja la Kirumi. Ni mzunguko mrefu na unakula fedha, lakini upo. Asiye na fungu la kukawia kwake haupo.

Fungu hili si lazima lipatikane kwa mkupuo. Liwekwe kidogo kidogo kila siku ya gulio, kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa manunuzi ya kila siku, ili lisiliwe na chumvi na sabuni. Likitumika, lirudishwe kabla ya safari nyingine. Wenye vikundi vya VICOBA wana njia rahisi zaidi. Mfuko wa jamii, ule unaochangia misiba na ugonjwa, unaweza kuwekewa kanuni moja ya nyongeza: mwanachama aliyekwama ng'ambo kwa hali ya hewa atumiwe kwa simu fedha ya kulala usiku ule ule, bila riba, arudishe kwenye kikao kinachofuata. Kikundi kinachokubali kutoa rambirambi kitashindwaje kutoa fedha ya gesti?

Yanayosemwa kwa mtu mmoja ni mazito zaidi kwa wanaosafiri kwa kundi. Kwaya, timu ya mpira, wasindikizaji wa bibi harusi na watu wa msiba hupanda pamoja, hawataki kuachana, na hufurahia kubanana. Kamati ya harusi hukaa vikao kwa miezi ikijadili mpambaji, keki, muziki na sare za akina mama. Boti huulizwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Iwe hivi: mara tu idadi ya waalikwa wa ng'ambo inapojulikana, igawanywe kwa idadi ya abiria ambayo chombo kimeruhusiwa, na fedha ya mkupuo wa pili au wa tatu iingizwe kwenye bajeti sambamba na chakula. Kisha ateuliwe mtu mzima mmoja, mwanamume au mwanamke asiyeogopa kuitwa mkorofi, asimame mwaloni na awe na neno la mwisho. Akisema imetosha, imetosha, hata kama aliyebaki ni mjomba wa bwana harusi.

Ziwa na saa zake

Asubuhi nyingi ziwa hulala tuli kama mkeka, na mgeni hudhani ndivyo litakavyokuwa hadi jioni. Wavuvi wanajua sivyo. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani huvuma kuja kushika nafasi yake. Ndipo kuanzia saa sita au saa saba mchana upepo hushika nguvu na mawimbi huanza kupiga kando. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mawingu ya radi hujikusanya katikati ya ziwa hadi karibu na mapambazuko.

Kwa msafiri wa kawaida hesabu ni hii. Saa nzuri ni kuanzia kumekucha, anga likiwa jeupe, hadi kabla ya adhuhuri. Kurudi kupangwe mapema, na shughuli ya ng'ambo ipangwe kufuata saa za ziwa, si ziwa lisubiri shughuli. Ibada, kikao au mazishi yakichelewa hadi alasiri, wa ng'ambo walale. Safari ya jioni ina ubaya wake wa ziada: kikitokea cha kutokea, giza linawaficha walio majini hata kwa waokoaji walio tayari. Ukara ilionyesha hilo, pamoja na kwamba kivuko kilikuwa mita chache tu kutoka gatini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kila siku, na redio husoma tahadhari za upepo na mawimbi. Usikilize usiku wa kuamkia safari na asubuhi yake. Kisha angalia mwenyewe. Wingu jeusi linaloteremsha mvua kwa mbali, likifuatiwa na upepo wa baridi wa ghafla, linakwambia dhoruba imeshatangulia kutuma mjumbe. Ukiona umeme na ngurumo ikafuata kabla hujahesabu hadi 30, radi iko karibu mno. Anayesubiri mwaloni asiondoke, na aliye majini atafute ukingo ulio karibu, hata kama siyo anakokwenda.

Mwaloni: macho, mkono na mdomo

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo linalokagua vyombo vya majini na kutoa vyeti. Chombo cha abiria kina idadi ya watu ambayo kimeruhusiwa kubeba. Swali la kwanza basi ni la heshima na ni jepesi: "Kaka, chombo hiki kinabeba watu wangapi?"

Jibu sahihi ni namba. Ukiambiwa, "Usiwe na wasiwasi, mama, sisi tumezoea," hujajibiwa. Aliyezoea kubeba 25 kwenye chombo cha watu 15 amezoea kosa, na kila alipofika salama kosa hilo lilimwongezea ujasiri.

Pitisha macho chini. Mtumbwi unaovuja kidogo ni kawaida ya mbao, lakini maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu kabla ya safari si kawaida. Tafuta ndoo au kopo la kukumbia maji. Tafuta makasia, kwa sababu injini ikizima katikati ya ziwa chombo kisicho na kasia hugeuka ubavu kwa mawimbi na kuanza kunywa maji. Tazama mizigo: saruji, mahindi na kreti za soda zikae chini kabisa na katikati, zisipangwe juu ya mabenchi. Uzito ukikaa juu chombo huyumba kirahisi, na kikishalala hakina nguvu ya kujiinua.

Kisha tumia mkono. Watu na mizigo wakishapanda, keti pembeni, weka kiwiko juu ya ukingo na uteremshe mkono upande wa nje. Ncha za vidole zikigusa maji na ziwa bado limetulia, chombo kimelemewa. Wimbi la kawaida la mchana litaingia ndani bila kubisha hodi. Hapo ndipo pa kushuka, ungali karibu na nchi kavu na kina ni cha magotini.

Jaketi okozi ni la kuvaliwa. Lililofungwa furushi chini ya mizigo, au lililotandikwa benchi likaliwe, halitamfikia mtu chombo kikipinduka. Vaa, funga mikanda yote, halafu mwenzako alivute juu kutoka mabegani. Likipanda hadi kufunika masikio ni kubwa kwako au halijafungwa sawasawa. Mtoto anahitaji la ukubwa wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, kwani ndani ya la mtu mzima huchomoka na kuteleza chini. Familia inayovuka kila mwezi ifikirie kununua ya watoto wao na kusafiri nayo. Dumu tupu la lita 20 lililokazwa kifuniko halichukui nafasi ya jaketi, ila mtu akilikumbatia humshikilia juu ya maji. Kwa hiyo madumu matupu yaliyomo chomboni yafungwe vifuniko, yasiachwe wazi.

Mwisho mdomo. Kusema peke yako ni vigumu, kwa sababu mtu mmoja akishuka huitwa mwoga na nafasi yake hujazwa papo hapo. Wakishuka wanne, nahodha anaanza kuhesabu nauli zinazoondoka, na hapo anasikiliza. Sema na walio karibu nawe kwanza, kisha mwambieni kwa upole: "Mwanangu, hawa wa mwisho wapande safari ijayo. Sisi tutawasubiri tukifika, hatuwakimbii." Akikataa, kuna viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi, kuna mwenyekiti wa kijiji, na kuna polisi kwa namba 112. Kumwita kiongozi si uchongezi. Nahodha mwenyewe ana mke na watoto wanaomtarajia jioni.

Kabla ya kuondoka, andikeni majina. Karatasi ya daftari la mtoto wa shule inatosha: jina la kila aliyepanda, kijiji anakotoka na namba ya simu ya ndugu aliyebaki. Karatasi ibaki nchi kavu kwa mtu anayejua chombo kinatarajiwa kufika saa ngapi, au ipigwe picha na kutumwa kwa simu. Ya MV Bukoba yanatosha kuonyesha gharama ya kukosa orodha. Pasipo majina, mwokoaji hajui atafute wangapi wala aache lini, na ndugu hubaki wakiulizana nani alipanda na nani alishukia njiani.

Ndani ya chombo

Mama aliyebeba mtoto mgongoni afungue mbeleko kabla ya kupanda. Nyumbani na shambani mbeleko ni salama, lakini majini, mama akielea chali, mtoto anakuwa chini yake, na fundo la kanga iliyolowa halifunguki kwa vidole vinavyotetemeka. Mtoto apakatwe mbele, akiwa na jaketi lake. Viatu vizito na makoti mazito yavuliwe. Begi lishikwe mkononi, lisivaliwe mgongoni. Simu iwekwe kwenye kifungashio kisichopitisha maji, iwe na chaji.

Keti chini na ubaki umeketi. Anayetaka kupisha, kupiga picha au kumfikia mwenzake upande wa pili asubiri. Dhoruba ikiwakuta njiani, shukeni kutoka kwenye mabenchi mkae sakafuni, ili uzito ushuke. Nahodha akabili mawimbi kwa omo na kupunguza mwendo, na wenye ndoo wakumbe maji kwa zamu.

Kufika ndiko kunakotaka uvumilivu kuliko kote. Ndugu wanaita majina, wabeba mizigo wananyoosha mikono, na kila mtu anataka kuwa wa kwanza. Kaeni mpaka kamba ifungwe, kisha mshuke mmoja mmoja, upande mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata, wala msinyanyuke wote mara moja. Wa MV Nyerere walikuwa wamebakiza mita chache.

Kikipinduka

Mtumbwi wa mbao uliojaa maji au uliogeuka kifudifudi mara nyingi bado huelea. Ushike. Usiuache ukaogelea kwenda nchi kavu, hata kama miti ya ukingoni unaiona. Macho hudanganya juu ya maji, na waogeleaji hodari ndio wanaokwenda na kuishiwa nguvu katikati. Chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Kusanyikeni, watoto na wazee wawe katikati, mshikane mikono juu ya mgongo wa mtumbwi. Maji ya ziwa si ya barafu, lakini saa zikipita hunyonya joto la mwili, na mtu aliyekunja magoti na kutulia hulitunza kuliko anayepiga piga maji.

Aliye na chombo kingine au aliye ukingoni ana wajibu wa kusaidia bila kuongeza waliozama. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu, pamoja na shingo ya mwokozi, na humkandamiza chini. Mrushie kamba, dumu, kasia au jaketi. Ukija na mtumbwi, usiuingize katikati ya watu kumi waliotapakaa, kwani wote wataning'inia upande mmoja na kuupindua. Kaa umbali mdogo, rusha kamba, vuta mmoja mmoja kupitia tezi, injini ikiwa imezimwa. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114. Wapigiwe mapema, kisha juhudi za mwaloni ziendelee.

Ukimtoa mtu majini na hapumui, usimning'inize miguu juu, usimbinye tumbo, usimzungushe juu ya pipa. Muda unaopotea mkijaribu kumtoa maji ndio muda ambao ubongo unakosa hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua yake, mpulizie pumzi tano mdomoni ukiangalia kifua kikiinuka. Asipozinduka, weka viganja viwili katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka, takriban mara mbili kila sekunde. Kila baada ya mara 30, mpe pumzi mbili. Mpokezane mpaka apumue au mhudumu wa afya afike. Aliyezinduka asiambiwe, "Pole, nenda kalale." Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye, kwa hiyo apelekwe kituo cha afya au hospitali hata kama anatembea na kuzungumza.

Wanaosubiri nao wana sehemu yao

Tumezoea kumlaumu nahodha kwa tamaa na abiria kwa haraka. Yupo wa tatu ambaye huwa hatajwi, naye ni aliyeketi nyumbani akingoja. Ni yeye anayepiga simu mara tatu kuuliza, "Mmefika wapi? Mbona hamvuki? Watu wamekaa." Ni mwenye msiba anayenung'unika kwamba fulani hakuzika, mkwe anayehesabu nani alichelewa, mwajiri anayekata siku ya aliyefika kesho yake. Msafiri akisimama mwaloni anazisikia sauti hizo zote, na sauti ya upepo inakuwa ndogo.

Kama mgeni wako atavuka ziwa, mpigie kabla hajatoka nyumbani kwake. Mwambie kwa kinywa chako: "Ziwa likichafuka, au chombo kikijaa, lala huko huko. Tutakungoja, na kama ni mazishi tutakutengea siku yako ya kuja kutuhani." Mtumie na fedha ya kulala kama unayo. Wahenga walisema kawia ufike, lakini mgeni hawezi kukawia kwa amani kama mwenyeji hajampa ruhusa. Mpe ruhusa hiyo mapema, angali na miguu yote miwili nchi kavu.